Maelezo Mengine

Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu, yale yanayolowesha udongo bila kujaza hata sufuria, na ukungu ulikuwa umefunika kilima cha Kyamulinge hata nyumba za juu hazikuonekana. Nilitoka nyumbani na mwavuli, daftari langu la kutembelea kaya, na kitabu cha hesabu cha kidato cha pili, kwa sababu saa kumi na moja jioni ningeingia darasani moja kwa moja. Niliomba nikitembea, kama ninavyofanya kila siku. Niliomba mvua iongezeke mahindi yasije yakakauka. Kisha nikamwombea Mbinya, ambaye tangu mwezi wa saba hakuwa amefika kliniki kuchukua dawa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kaya mia moja ziko chini yangu, kutoka barabara ya Masii mpaka juu kwenye tangi la maji la kanisa. Kazi yangu ni kujua nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa, na kuyatunza hayo moyoni. Mbinya alikuwa mmoja wa watu wangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alikuwa na binti wa miaka miwili na mtoto wa kiume wa miezi kumi. Mtoto huyo aliitwa Kyalo, kwa sababu alizaliwa safarini, mama yake akikimbizwa hospitalini.

Mbinya anaishi na virusi vya Ukimwi. Akimeza dawa kila siku anaweza kunyonyesha na mtoto akabaki salama. Asipomeza, maziwa hayo hayo yanaweza kumpa mtoto ugonjwa. Nilikuwa nimempigia simu mara nyingi, hakushika. Nilipopanda kwake alijifungia ndani. Nikamwachia Mungu, neno ambalo tunalitumia sana tukichoka.

Nilipopita mbele ya duka la Abdilatif pale Masii, aliniita kutoka nyuma ya mashine yake ya kutoa kopi.

"Mwanafunzi! Leo umechelewa shule?"

"Shule yangu ni ya jioni, Abdilatif. Ya asubuhi ni ya watu wenye akili."

"Basi ingia. Niko na mtihani wako hapa."

Niliingia nikicheka. Yeye alikuwa ameacha kucheka. Alichungulia nje, akarudi, akatoa bahasha chini ya kaunta.

"Mumbua, mama yangu, mimi si mtu wa umbea. Baba yangu aliuza mbuzi hapa miaka thelathini, na hakuna mtu alisikia kwake siri ya mwingine. Lakini hii karatasi inanisumbua. Mwezi wa saba mwalimu Musau wa shule ya msingi alikuja na flashi, nikamtolea kopi sita. Ya saba ilikwama kwa mashine. Niliitoa baada ya yeye kwenda, nikaiweka tu. Jana wanawake wawili walisimama hapo nje wakaongea juu ya ile nyumba ya juu, wakacheka. Ndio nikaitafuta nikasoma. Ndio nikajua nilichapa nini."

"Mbona unanipa mimi?"

"Wewe ndiye wa afya. Na siwezi kuichoma kabla mtu hajaniambia kama kuichoma ni kosa lingine."

Niliikunjua. Ilikuwa jedwali la Kiingereza, mistari mingi ya namba, hakuna jina hata moja. Mstari mmoja ulikuwa umetiwa kivuli. Namba 237. Umri, ishirini na tatu. Mimba ya kwanza. Damu pungufu. Virusi, ndiyo. Mwisho wa mstari, chini ya kichwa chenye maana ya maelezo mengine, kulikuwa na sentensi tatu. Kiingereza changu ni cha jioni na hutembea polepole, lakini sentensi hizo nilizielewa kabla sijafika mwisho, kwa kuwa niliziandika mimi, kwa Kiswahili, miaka miwili iliyopita, na mtu fulani ofisini akazitafsiri vizuri sana.

*Hana mume mwanamume. Ameolewa na mama mzee mjane kwa desturi ya iweto. Nyumba ya juu kabisa, karibu na tangi la kanisa.*

Kwetu Ukambani, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto anaweza kutoa mahari akaoa msichana, ili msichana huyo amzalie watoto wa nyumba yake. Msichana huitwa iweto. Watoto wake ni wa yule mama aliyemwoa, wanarithi shamba lake, na hakuna anayeuliza baba ni nani. Siku hizi ni wachache. Katika kaya zangu mia moja yuko mmoja tu, naye ni Mbinya, aliyeolewa na Syokau. Kwa hiyo mstari ule haukuhitaji jina. Kama ungebandikwa picha yake usingesema zaidi.

Abdilatif alinisogezea kiti.

"Mama, uko sawa? Kaa hapa."

"Niko sawa. Ichome mashine yako, Abdilatif," nilisema, nikaitia karatasi mkobani, katikati ya kitabu cha hesabu.

Mwaka wa 2023 Daktari Wamucii alikuja kutoka Nairobi na utafiti wa upungufu wa damu kwa kina mama wajawazito. Alikuwa mwanamke mpole, anasalimu mpaka mbwa. Alitaka wahudumu wanaojua kusoma na kuandika. Mimi nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka arobaini na tisa, katika chumba kimoja na watoto wa jirani zangu, na nikapita. Siku niliyopewa tabuleti ya kuandikia majibu niliingia chumbani nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunitoa gizani.

Tulifundishwa kwamba kisanduku kisiachwe kitupu. Kwa Mbinya niliandika: ameolewa. Kazi ya mume, mkulima. Umri wa mume, sabini na moja, ule wa Syokau. Baada ya siku mbili ofisi ikanipigia simu. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mume wa sabini na moja, je, nimekosea? Nikasema sijakosea. Wakasema basi eleza katika kisanduku cha mwisho. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha kwamba sentensi nzuri humfanya mgeni ambaye hajafika mahali apaone. Nikaeleza, halafu nikaongeza nyumba na tangi, ambavyo hakuna aliyeviuliza. Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili.

Nilimpigia daktari nikiwa nimejikinga mvua kwenye baraza ya kinu cha posho. Nilimsomea mstari.

"Imefikaje huko?"

"Mwalimu Musau anasoma digrii ya afya ya jamii, wikendi. Nadhani aliitoa kwa mtandao."

"Ndiyo. Iko kwa mtandao." Alivuta pumzi. "Mama, jarida la madaktari lilikataa kuchapisha matokeo yetu mpaka tuiweke data yote mahali pa wazi, mtu yeyote aisome. Tukafuta majina. Tukafuta namba za simu, tukafuta vijiji. Safu ya maelezo mengine tuliiacha. Nilidhani hakuna kitu cha maana ndani yake."

Neno hilo liliniuma, na nikaona aibu kwamba linaniuma kwa ajili yangu mwenyewe.

"Lakini kwa nini iwe wazi, daktari? Damu ya watu inawekwaje sokoni?"

"Kwa sababu data iliyofungiwa kabatini nayo imeua watu. Mtu anatangaza dawa ni nzuri, na hakuna anayeweza kumkagua. Hata sisi tulikosea. Mwezi wa nane watafiti wengine walichukua faili letu wakarudia hesabu. Kiwango cha vidonge tulichopendekeza kilikuwa kidogo mno kwa kina mama wenye virusi. Tumesahihisha. Kuna wanawake watapona kwa sababu faili lile lilikuwa wazi. Ninakuambia ukweli."

"Naamini. Na Mbinya?"

Alisema angeliondoa faili siku hiyo hiyo na kulituma jingine bila safu ile. Lakini lilikuwa limeshapakuliwa mara mia mbili na kumi na tisa, na waliolichukua hakuwajua. Kisha akasema jambo ambalo najua alilisema kwa wema.

"Usijilaumu, mama. Kosa ni letu. Hata si lazima mtu ajue ni wewe uliyeandika. Jina lako haliko popote."

Nilipanda kilima mvua ikiwa imekatika. Syokau alikuwa amekaa nje ya jiko lake, ungo mapajani, akichambua mahindi ya muthokoi, yale yaliyotwangwa kuondoa maganda. Nyumba ya Mbinya iko upande wa pili wa ua, hatua ishirini tu. Mlango wake, ambao zamani ulitazamana na jiko la Syokau, ulikuwa umeelekea kwingine. Nilijua ulikuwa umehamishwa juzi juzi, kwa maana udongo wa ukutani ulikuwa bado mbichi.

"Umeamkaje, mwaitu?" nilimsalimu, kwa neno letu la mama.

"Nimeamka," alisema yule mzee bila kuinua macho. "Mwingine yuko huko. Kama atakufungulia."

Safari hii Mbinya alifungua, kwa sababu mtoto alikuwa akikohoa. Alikuwa amekonda kiasi cha kunitisha. Kyalo alikuwa titini.

"Umekuja kuhesabu watu wako?" aliniuliza.

"Nimekuja kuona Kyalo. Kikohozi kina siku ngapi?"

"Ni baridi tu."

"Mbinya, dawa uliacha lini?"

"Mwezi wa saba."

"Na bado unanyonyesha."

"Nitampa nini, mawe?" Alicheka, kicheko kibaya. "Muulize yule huko nje kwa nini niliacha. Hapa kijijini siri yangu tuliijua watu watatu. Wewe, na wewe sijawahi kukusikia ukisema ya mtu. Mimi. Na yeye. Kila asubuhi alikuwa ananiita, 'Mbinya, umemeza?' Ananishikia kikombe cha maji kama mimi ni mtoto. Nikasema, Mungu amenipa mama. Halafu siku moja tuko kwa chama cha wanawake, tumekunywa chai, mke wa Musau anachukua kikombe changu peke yake anakiosha na maji moto, mbele ya watu wote. Anasema, 'Si vibaya mtu kujilinda.' Wenzake wanaangalia chini. Nani alimwambia? Musau ni mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa yule huko nje. Wao ni damu. Mimi ni mtu wa kutolewa mbuzi za mahari."

"Umemuuliza Syokau?"

"Amesema si yeye. Sasa ungetaka aseme nini? Kila nikishika ile dawa naona mkono wake na kikombe. Nikazitupa chooni zote."

Kutoka nje sauti ya yule mzee ilikuja, kavu. "Nilisema mara moja. Mtu wa umri wangu haapi mara mbili."

Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, katikati ya kitabu cha hesabu. Ningeweza kuitoa. Ilikuwa kazi ya mkono mmoja. Nilimtazama Mbinya, nikakumbuka alivyosema hajawahi kunisikia nikisema ya mtu, na nikaona jinsi nitakavyoshuka kilima hiki baada ya kusema, na jinsi milango mia moja itakavyofungwa.

"Tuombe," nikasema.

Niliomba ombi refu na zuri. Mbinya alisema amina. Nikamsihi aje kliniki kesho, akasema ataona. Nikashuka.

Nilifunga siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, maji tu. Nilimwomba Bwana anionyeshe njia. Nilisoma Zaburi mpaka herufi zikachezacheza. Darasani mwalimu aliniuliza kama naumwa, nikasema ni mfungo. Watu waliniheshimu kwa mfungo huo. Leo naweza kuliandika wazi: njia niliijua tangu Jumatano. Siku zile nne nilikuwa nikimwomba Mungu ruhusa ya kunyamaza.

Jumapili mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza maombi ya kina mama. Nikauliza mahitaji. Mke wa Musau akasimama, kitambaa cheupe kichwani.

"Tukumbuke mtoto wa ile nyumba ya juu. Anaumwa sana, homa haishuki. Na sisi wote tunajua ni nini."

Wanawake wote walikuwa wameinamisha vichwa wakiningoja nianze. Nilifungua kinywa, na yale maneno mazuri ambayo hayajawahi kunikosa tangu niokoke, hayakuja. Nikachukua mkoba wangu nikatoka katikati ya ibada, nikapita kwenye tangi la maji, nikaingia ua wa Syokau.

Nilimwita Mbinya atoke. Nilimwita Syokau asogee. Walisimama mbalimbali. Nikaitoa karatasi nikawasomea kwa Kikamba, neno kwa neno, mpaka kwenye tangi.

"Haya ni maneno yangu," nikasema. "Si ya mtu mwingine. Daktari aliyaweka mahali dunia inasoma, Musau akayatoa huko. Syokau hakusema kwa mtu. Niliandika mimi."

Mbinya aliichukua karatasi. Hakuweza kuisoma, lakini aliitazama kwa muda mrefu, akiupitisha ukucha chini ya mstari ule. Kisha akamtazama Syokau.

"Mwaitu."

"Nakusikia."

"Miezi minne."

"Nimehesabu," yule mzee alisema. "Lete mtoto. Una mikono baridi." Akampokea Kyalo, akakaa naye kwenye benchi la jikoni, akamweka begani, akaanza kumpapasa mgongo. Hakulia, wala hakumshika mkono Mbinya, lakini alisogea kidogo kwenye benchi, na Mbinya akakaa pale palipobaki.

Nilidhani yamekwisha. Nilitaka kupiga magoti. Ndipo Mbinya akaniuliza, bila kupaza sauti.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Hii Jumatano? Siku ulikuja hapa?"

"Ndiyo."

"Karatasi ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa kwa mkoba."

"Ukaomba."

"Ndiyo."

"Ukaenda nyumbani. Na mimi nikamnyonyesha Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa, na jana, na leo asubuhi."

Nikasema ndiyo.

Jumatatu asubuhi tulikwenda hospitalini Machakos sisi wanne, mtoto mgongoni mwa Syokau. Mbinya alianzishiwa dawa tena. Kyalo alitolewa damu kisiginoni, na mashine ya huko hutoa jibu siku hiyo hiyo. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane. Mara ya mwisho alipopimwa, akiwa na miezi sita, alikuwa hana virusi. Muuguzi alipotuita alifunga mlango kwanza, na Syokau, ambaye hajui kusoma jibu lolote lililoandikwa, aliujua huo mlango.

Kyalo alikuwa na virusi. Kikohozi kilikuwa nimonia. Alilazwa siku nne akapumulia mpira wa oksijeni puani, na tulipokezana kumshikilia asiung'oe. Siku ya pili nilimfuata muuguzi kwenye ukumbi, nikamuuliza kama mtoto aliupata zamani, mwezi wa nane au wa tisa, au kama huenda ni siku hizi za karibuni. Kama ni wiki iliyopita.

"Mama, hakuna kipimo cha siku," alisema. "Kwa nini?"

Nilirudi kushika zamu yangu kwa mtoto. Namuuliza Mungu hilo mpaka sasa, na sitarajii kujibiwa.

Mtoto alitolewa hospitalini Ijumaa. Jumamosi, tarehe 22, Mbinya aliita kikao nyumbani. Alisema siri yake ilikwenda kwa watu ambao hakuwachagua, sasa atachagua yeye nani wasikie mwisho wake. Aliwachagua naibu wa chifu, mzee mmoja wa kanisa, Musau na mkewe, Daktari Wamucii, na mimi. Jua lilikuwa kali, mvua ikiwa imetukimbia tena. Viti vilipangwa ukutani kwenye kivuli. Kyalo alikuwa amelala mapajani mwa Syokau.

Daktari alisema kwanza. Alikuwa ameendesha gari peke yake kutoka Nairobi. Alieleza jinsi faili lilivyotoka na jinsi lilivyoondolewa, na kwamba jarida limeweka tangazo la kosa hilo. Hakujitetea. Alisema, "Tulifuta majina tukadhani tumemficha mtu. Hatukujua kwamba hapa mtu anajulikana kwa nyumba yake." Alimwomba Mbinya msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba kibovu alichojifunza njiani, na hakuna aliyecheka. Mbinya alisema, "Nimesikia."

Naibu wa chifu akamgeukia Musau. "Mwalimu."

"Mimi nilipewa kazi ya chuo," Musau alisema. "Tafuta data ya wazi ya kaunti yako, uichambue. Nikaifungua nikaona shamba la baba yangu mkubwa. Naweza kufunga macho? Hilo shamba litaandikwa jina la hawa watoto, na ukoo haujui mama yao ni mgonjwa; nikawapelekea kopi. Sikuiba. Ni kitu kiko hadharani, dunia nzima inaona."

"Kopi sita, mwanangu," Syokau alisema. "Dunia nzima ina watu sita?"

Mke wa Musau alianza kusema kwamba yeye alitaka tu kulinda watoto, na mzee wa kanisa akamwambia, "Mama, leo sikiliza." Naibu wa chifu alisema shamba ni la Syokau na la watoto wa nyumba yake, kama lilivyokuwa jana, na atakayeongea tena juu ya damu ya mtu ataongea akiwa ofisini kwake.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisimama nikasema yote, kisanduku na tangi na siku nne. Mzee wa kanisa, ambaye nimeomba naye miaka kumi na tano, aliweka mkono machoni. Nilisema nimeacha kuongoza maombi, na kwamba kitambulisho changu cha uhudumu nitakirudisha kliniki Jumatatu.

"Kirudishe ili iweje?" Mbinya aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu Jumapili. "Upumzike?"

Alimwelekezea mtoto kidole.

"Kyalo ana dawa ya maji, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Asubuhi tutampa mimi na mwaitu. Jioni ndio shida yangu. Jioni nikishika hiyo chupa nakumbuka kila kitu na mikono inaanza kutetemeka, jana nilimwaga nusu. Mwaitu macho yake hayaoni ile mistari ya sindano ya kupimia. Wewe unaona. Wewe ni msomi." Alilisema neno hilo bila dhihaka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jioni uje wewe."

"Saa ngapi?" naibu wa chifu aliuliza.

"Saa kumi na mbili. Hospitali walisema saa zisibadilike."

Daktari Wamucii alinitazama; alijua darasa langu huanza saa kumi na moja. Alifungua kinywa kusema kitu, labda kwamba atatafuta mtu, na mimi nikatikisa kichwa.

"Nitakuja," nikasema.

"Sisikii," alisema Syokau.

"Nitakuja, mwaitu."

"Ulipoandika hatukusikia. Ulipojua hatukusikia. Leo simama hapo katikati ya ua, useme watu wasikie, na huyu wa serikali asikie, na huyu wa kanisa, na hawa wa ukoo."

Nikaenda katikati ya ua, juani. Mtoto alikuwa ameamka kwa zile sauti. Nikasema kwa nguvu zangu zote, hata mtu aliyekuwa akichota maji kwenye tangi akaacha ndoo yake akatutazama:

"Mimi Mumbua, mbele ya Mungu na mbele yenu, kila jioni saa kumi na mbili nitakuwa kwenye mlango wa Mbinya kumpa Kyalo dawa yake, kunyeshe, kusinyeshe, niwe mzima au nijikokote, mpaka siku atakapoweza kuimeza mwenyewe na aniambie kwa kinywa chake nisije tena."